Pwani au Moro? Mastaa Wanatuonyesha Mageti, Mimi Nataka Kujua Maji Yanatoka Wapi

Wadau wangu wa nguvu, wiki hii kila nikifungua simu nakutana na jembe. Sio utani. Yule kaka wa Bongo Fleva, simtaji jina maana mawakili wake wana njaa, katupia video ya dakika tatu akiwa kwenye shamba lake upande wa Mkuranga. Geti jeusi lenye herufi za dhahabu, ukuta mweupe, droni inazunguka juu, kuku wanakimbia huku na huku kama wamelipwa. Chini kaandika mjini kashamaliza, sasa anarudi kwenye ardhi. Hazijapita siku mbili, dada mmoja wa Bongo Movie, naye simtaji, yule tuliyekuwa tunaulizana kapotelea wapi tangu mwaka jana, kaibuka na picha nne tu. Buti za mvua, kanga kiunoni, ndoo ya maji kichwani, na nyuma yake milima ya Uluguru imejifunika ukungu. Maneno yake yalikuwa neno moja: Moro.

Basi vita ikaanza. Team Pwani wanasema Moro ni mbali, utaozea huko. Team Moro wanasema Pwani ni mchanga mtupu, utalima miiba. Kuna jamaa kaandika kuwa shamba ni la wazee waliostaafu, vijana tununue bodaboda. Huyo nimemruka.

Mimi kwenye hili sio mtazamaji. Tuna mchezo wa watu wanne tulioanza zamani kidogo, wawili tunaishi Segerea, mmoja Bonyokwa, mmoja Kinyerezi. Wote tumepanga. (Na sisi wa Segerea tukisema tunatoka Segerea lazima mtu aulize tumetoka lini na tulifungwa miaka mingapi. Gereza lipo kweli, lakini na sisi tupo, jamani.) Mkononi tuna milioni sita na laki nane. Tulikubaliana hela hii hainunui pikipiki na haifungui duka la nguo. Inanunua ardhi ya kuanzia maisha: nyumba ndogo, kisima, migomba, mihogo, kuku, watoto wakija wakute pa kukimbilia. Na tulikubaliana tulipe kabla ya vuli. Kwa hiyo nikiona staa anaonyesha geti sitazami geti. Natafuta tanki la maji liko wapi, na ni nani kashika ufagio kule nyuma.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema msije mkasema nimezunguka. Kiwanja nunua Pwani. Shamba la kuishi nenda Morogoro. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na mastaa wanatuchanganyia makusudi au kwa kutokujua.

Tuanze na Pwani maana ndiko wengi mnakokimbilia. Mkoa wa Pwani umeizunguka Dar pande zote za nchi kavu. Kisarawe, Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo, halafu mbali zaidi Chalinze, Kibiti, Rufiji, na kisiwa cha Mafia huko baharini. Sasa chukua takwimu za sensa. Mwaka 2012 Pwani ilikuwa na watu milioni 1.1 hivi. Sensa ya 2022 ikakuta milioni 2.02. Miaka kumi, watu karibu wameongezeka mara mbili! Hao hawakuzaliwa wote kule. Wametoka hapa hapa kwetu, Dar, ambayo sensa hiyo hiyo iliikuta na watu milioni 5.38. Yaani sisi wapangaji wa Segerea, Tabata na Mbagala ndio tunahamia Pwani na hela zetu za michezo.

Maana yake ni nini kwa mtu anayetaka shamba? Maana yake unanunua ekari mbili leo, una majirani wawili na mbuzi wao. Miaka mitano baadaye jirani wa kulia kakata lake viwanja vya ishirini kwa ishirini. Ekari moja inatoa viwanja kumi vya namna hiyo, na ukikata na njia inatoa vinane au tisa. Hapo hapo una majirani tisa wapya, kila mmoja na ukuta wake na choo chake na spika yake ya Jumamosi. Jogoo wako anawika saa kumi alfajiri, unaitwa serikali ya mtaa kujieleza. Na kumbuka, ikishaitwa mtaa sio kijiji tena, master plani inakuja, mashine za kupima zinakuja, na bei inapanda mpaka wewe mwenyewe unaona bora uuze.

Hii sio ramli. Waulizeni wazee wa Kinyerezi hapo, watawaambia kulikuwa na mikorosho na mashamba ya watu. Waulizeni wa Goba. Waulizeni wa Chanika. Kila sehemu tunayoiita "nje ya mji" ilishawahi kuwa shamba la mtu aliyedhani kaukimbia mji. Mji una miguu, wadau.

Kwa hiyo kaka yetu wa Mkuranga yuko sahihi kwa upande mmoja: ardhi yake itapanda bei. Lakini hiyo ni biashara ya kiwanja. Asituambie karudi kwenye ardhi. Yeye kaitangulia ardhi, anaisubiri ipande.

Halafu kuna suala la umbali, ambalo Team Pwani wanalipiga kifuani. Ndiyo, Mkuranga ni kama kilomita hamsini tu kutoka Dar. Lakini sisi hatusafiri kwa kilomita, tunasafiri kwa masaa. Toka Segerea saa kumi na moja jioni, fika Buguruni, shika barabara ya Kilwa, pita Mbagala Rangi Tatu siku ya Ijumaa, halafu niambie umefika saa ngapi. Halafu ukishuka Mkuranga mjini, shamba lako haliko pale, liko ndani, boda anataka hela yake na mvua ikinyesha anataka mara mbili. Wakati huo huo treni ya umeme ya SGR ilipoanza Juni 2024 ilikuwa inabeba mtu Dar mpaka Morogoro kwa shilingi 13,000 daraja la kawaida, kwa masaa yasiyofika mawili au yanayozidi kidogo. Barabarani ni zaidi ya kilomita 190 hizo. Siwaambii Moro ni karibu kuliko Mkuranga. Nawaambia ile hoja ya "Pwani ni hapa tu" imeshapungua uzito, hasa kwetu tulio jirani na stesheni ya Pugu.

Sasa udongo. Hapa sitaidanganya Pwani, ina vitu vyake. Nanasi za Kiwangwa kule Bagamoyo kila mtu anazijua. Korosho inakubali Mkuranga, Kibiti na Rufiji, na mkorosho ukishashika hauna njaa ya mbolea kama mahindi. Mihogo, minazi, miembe, ufuta, vyote vinakaa kwenye kichanga. Kisarawe kule kwenye vilima udongo ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Na Pwani inapata mvua mara mbili, vuli na masika, kwa hiyo ukikosa huku unajaribu kule. Bondeni Rufiji ndio kabisa, mto unaleta rutuba wenyewe, ila mto huo huo Aprili 2024 uliingia majumbani na mashambani, Rufiji na Kibiti watu wakahama kwa mitumbwi. Rutuba ya bure ina siku yake ya kudai.

Lakini familia haili korosho. Shamba la kuishi linataka mboga kila wiki, ndizi kila mwezi, mahindi au mpunga wa kuweka ndani, na maji ya kunywesha kuku hata Septemba. Kichanga kinakunywa maji kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Unamwagilia asubuhi, jioni mchicha umelala. Mbolea unayoweka mvua inaishusha chini. Unaweza kukitengeneza kwa samadi na majani makavu, miaka miwili mitatu, ila lazima uwepo pale. Sio Jumapili kwa Jumapili.

Na maji yenyewe. Ukanda ulio karibu na bahari ukichimba unaweza kukutana na maji ya chumvi. Sio kila sehemu, lakini ukishakutana nayo umekutana nayo. Kisima kirefu unalipia kwa mita, wachimbaji wanakuhesabia hata kama chini wamekuta vumbi. Rafiki wa mwenzetu wa Bonyokwa alilipa mtu achimbe upande mmoja wa Mkuranga, maji yalitoka, mengi tu, ila ukipikia chai huhitaji chumvi ya kachori. Sasa ananunua maji ya boza kulimia. Hesabu hiyo anaijua yeye na Mungu wake. Ndio maana nilipoona video ya staa nikaisimamisha pale nyuma ya banda: matanki matatu makubwa, na tairi za boza zimechora ardhi. Wengi hamkuona, mliona geti.

Moro sasa. Watu wanaiita mji kasoro bahari, na mimi nasema bahari ya nini wakati maji yenyewe yanatoka kwao? Hili wengi wa Dar hatulijui. Mto Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. DAWASA wanayavuta maji hayo Ruvu Juu na Ruvu Chini, wanayasafisha, yanakuja mpaka bombani kwetu, siku yakija. Mnakumbuka ule mgao wa Oktoba na Novemba 2022? Mto ulipungua kule juu, sisi huku chini tukaanza kuamka saa nane usiku kuvizia koki. Kwa hiyo tunaishi kwa maji ya Morogoro halafu tunasema Morogoro ni mbali.

Upande wa mashariki wa Uluguru ndio unaopata mvua nyingi zaidi, huko ndiko kina Kinole, Matombo na Mkuyuni. Ndizi, machungwa, nanasi, viungo kama karafuu na pilipili manga. Zile ndizi unazozikuta Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, nyingine zimetoka huko. Ukipanda juu upande wa Mgeta kuna baridi, unalala na blanketi mbili, wanalima karoti, kabichi, viazi, maharage, hata mapichi. Na Mgeta ndiko mbuzi wa maziwa kutoka Norwe walikoletwa miaka ya 1980 kupitia chuo cha Sokoine, SUA, mpaka leo watu wanakamua mbuzi kama wanakamua ng'ombe. Tambarare za Dakawa ni mpunga. Kilombero ni mpunga zaidi, ila huko ni safari nyingine kabisa, mnisamehe, hela yetu haifiki na roho yangu haifiki.

SUA yenyewe ipo Moro mjini tangu 1984. Sijasoma chuo, cheti changu ni cha kidato cha nne, lakini kuwa jirani na watu wanaojua ugonjwa wa mgomba kwa kuangalia jani ni utajiri. Huku kwetu kuku akiinamisha shingo tunampa maji ya mwarobaini na maombi. Mdondo una chanjo jamani, tone moja la jicho kila miezi mitatu, na bado mabanda ya Segerea yanafutika kila kiangazi.

Sasa Team Moro msishangilie, maana nakuja kwenu.

Kwanza ardhi ya milimani sio ya kununua kama vocha. Waluguru wanafuata ukoo wa mama. Shamba unaloonyeshwa na kijana mwenye haraka linaweza kuwa la ukoo, na wenye kauli ni wajomba, sio yeye. Unalipa, unafyeka, unapanda, siku ya tatu wanakuja wazee watano wanakuuliza wewe ni nani. Hawakuibii, wewe ndio uko kwao. Na msidhani wanatishika kirahisi. Mwaka 1955 mkoloni aliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, wakakataa, ikawa fujo Matombo mpaka mtu akafa, na mpango ukafa nao. Kwa hiyo dalali akikwambia "hawa wazee nitawamaliza mimi," mwachie shamba lake.

Pili, mto. Mwezi wa tano tulionyeshwa ekari moja inayoanzia kabisa kwenye ukingo wa mto, maji yanapita yanacheka, mwenzetu mmoja machozi yakamlenga. Bei ikawa nafuu kuliko zote. Nikatoa simu nikapiga hesabu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ekari ni mita za mraba 4,047, yaani kama mraba wa mita 64 kwa 64. Ukitoa mita 60, umebaki na kipande cha mita nne upana. Mita nne! Hiyo ni njia ya kupitisha ng'ombe. Ndio maana bei ilikuwa nafuu, na muuzaji alikuwa anajua.

Na hapo hapo niseme kuhusu hii "hatua sabini kwa sabini" ambayo Pwani na Moro wote wanaitumia kupimia ekari. Hatua za nani? Siku ile Kisarawe aliyetupimia alikuwa babu mfupi, mpole, anatembea kama anakwenda msikitini mapema. Mwenzetu wa Kinyerezi ni mrefu kama nguzo ya TANESCO, akarudia yeye, akaishia kwenye shamba la jirani. Nunueni futi kamba, ile ya mita hamsini. Haifiki bei ya suruali.

Tatu, na hili ndilo zito, wafugaji na wakulima. Mkoa wa Morogoro una historia ya damu kwenye hilo. Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, watu zaidi ya thelathini waliuawa kwenye mapigano hayo. Kilosa na Mvomero yamerudi tena na tena. Sio kila kijiji, na milimani ng'ombe hawapandi hivyo, lakini tambarare zile nzuri zenye nyasi, ambazo dalali anakwambia "hapa trekta linapita bila kugusa jiwe," ndizo hizo hizo ng'ombe mia tatu wanapita kiangazi. Kabla hujalipa, uliza kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi au hakina, na njia ya mifugo imechorwa wapi. Mtendaji akianza kuangalia dari, umeshajibiwa. Kilosa pia mto Mkondoa ulifurika mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ukabeba nyumba na reli. Kwa hiyo sisi Kilosa tumeikata kwenye orodha, samahani watu wa Kilosa, mna mji mzuri na historia kubwa, ila na hela yenyewe ndiyo hii.

Pamoja na yote hayo bado nasimama Moro. Kwa sababu shida za Moro unaweza kuziuliza kabla hujalipa. Wajomba wapo, waulize. Mto upo, upime. Ng'ombe wana njia, ifuate. Shida kubwa ya Pwani huwezi kumuuliza mtu yeyote, maana ni sisi wenyewe tunaokuja nyuma yako na matofali.

Ila kuna swali moja ambalo hakuna staa kalijibu, na nyie mashabiki hamuulizi. Nani analala pale?

Kaka yetu wa Mkuranga, wiki ile ile ya video, alipiga shoo Mwanza Ijumaa na Jumamosi alikuwa Masaki, tumemwona kwenye status za watu. Sasa kuku wale nani anawafungulia asubuhi? Kuna kijana pale. Kwenye sekunde ya arobaini na kitu anapita nyuma na ndoo, halafu kamera inageuzwa haraka. Huyo kijana ndiye mwenye shamba kwa maana halisi ya neno. Anajua kuku gani anakula mayai yake, anajua nguruwe pori wanapita wapi wakija kufukua mihogo. Siku akiondoka, staa anabaki na geti. Na mishahara ya vijana wa mashamba tunaijua, mingi inalipwa kwa ahadi. Ukiona kijana kauza kuku wawili watatu akasema wameliwa na kicheche, kabla hujamwita mwizi hesabu ni miezi mingapi hujamtumia hela.

Sisi wanne hatuna uwezo wa kumlipa kijana. Hilo ndilo lililotugawa vibaya mno, mpaka wiki mbili hatukusalimiana kwenye kundi la WhatsApp. Wawili wanataka Kisarawe ili waende na kurudi, kazi zao ziko mjini, mmoja ana saluni, mwingine ni fundi simu Kariakoo. Mimi na mwenzangu wa Bonyokwa tunasema kwenda na kurudi sio kuanzisha makazi, ni kufuga nauli. Na nikawaambia ukweli ambao ninyi pia nawaambia: kama hakuna hata mmoja wenu atakayelala shambani siku tano kwa wiki mwaka mzima wa kwanza, msinunue Moro. Nunueni kiwanja Pwani, mpande miembe miwili na mipaka ya michongoma, mkae mjini mkisubiri bei, na msijiite wakulima. Hakuna aibu. Aibu ni kuweka milioni saba kwenye migomba halafu kuihudumia kwa simu.

Yule dada wa Bongo Movie, kwa habari nilizonazo, na chanzo changu hakijawahi kuniangusha, analala kule. Kauza gari. Watu mmeandika kwenye picha zake kuwa kafulia. Jamani. Angalieni vizuri ile picha ya tatu. Nyuma yake kuna jiko la nje lenye majivu mapya, kamba ya nguo imejaa, na migomba ina vichipukizi vya umri tofauti, mkubwa, wa kati na mdogo. Hiyo migomba inapunguzwa na mtu anayekaa pale. Hakuna wa kumwigizia. Kafulia wapi mtu ambaye Novemba yote hanunui mboga?

Jambo la mwisho ni karatasi, na dada zangu hili ni lenu zaidi. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sisi tunapewa haki ya kutumia. Ya kijijini inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999. Maana yake muuzaji na dalali na mjumbe mmoja chini ya mwembe haitoshi, hata wakigonga mhuri mpaka wino uishe. Halmashauri ya kijiji lazima ijue na iridhie, muhtasari wa kikao uwepo, majirani wa mipaka yote minne wasimame pale na wasaini. Baadaye mnafuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Na sheria hiyo hiyo inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Sasa nikikusikia unasema "tumenunua na mchumba wangu" halafu kwenye mkataba kuna jina moja, na sio lako, mimi sina la kukusaidia. Sisi tumeshakubaliana majina manne, picha nne, dole gumba nne, na ukitaka kujitoa tunakurudishia ulichoweka, sio bei ya siku hiyo. Tulibishana hilo usiku kucha.

Kwa sasa kura ni tatu kwa moja, fundi simu kalegea baada ya kuonja nanasi la Kinole, saluni bado yuko Team Kisarawe na haongei nami vizuri. Jumamosi ijayo tunapanda treni, halafu Noah mpaka Mkuyuni, tunalala huko kwa siku mbili kwa mama mmoja aliyetukubalia. Tumechagua kiangazi makusudi. Masika kila shamba linapendeza.

Walio Mkuyuni, Kinole na Matombo naombeni mniandikie hapo chini: vile vijito vinavyokauka mwezi wa kumi ni vipi, na kwa mjomba nani tuanzie salamu. Team Pwani, najua mnakuja na matusi. Njooni na risiti ya boza.